Chuo Kinaanzia Nyumbani: Mwongozo kwa Mwanachuo Mpya wa Ngara na Biharamulo

Mwanafunzi wa Sinza akifika kusajiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), pale Mlimani, akakuta amesahau cheti cha kuzaliwa, anapanda daladala, anakichukua, na kabla ya saa nane mchana amerudi kwenye foleni. Wewe wa Rulenge au Nyakahura ukikisahau, cheti kiko zaidi ya kilomita 1,200 nyuma yako, ndani ya sanduku la mama, na mama yuko shambani, simu ameiacha kwa jirani kwenye chaji. Mtakaa darasa moja, mtafanya mtihani mmoja, na pengine ulimzidi alama za kidato cha sita. Lakini yeye ana nafasi ya kusahau. Wewe huna.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo. Kwa mtu wa kwetu, umbali ni gharama ambayo haimo kwenye orodha ya ada, na mara nyingi ndiyo inayouma kuliko zote. Kwa hiyo kazi yoyote inayoweza kufanyika Ngara au Biharamulo tu, imalize ungali huko, wakati ofisi bado iko umbali wa bodaboda.

KALENDA YA SHAMBA NA KALENDA YA CHUO

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Baada yake wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Matokeo ya NECTA kwa miaka ya karibuni yametoka Julai, na mara tu yanapotoka, dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Dirisha la Bodi ya Mikopo, HESLB, limekuwa likifunguliwa Juni na kufikia ukingoni mwishoni mwa Agosti. Vyuo hupokea wageni mwishoni mwa Oktoba au Novemba.

Sasa iweke kalenda hiyo kando ya ile ya shamba. Kahawa huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka. Maharage ya masika nayo wakati huo yameshatoka shambani. Ikifika Oktoba mvua za vuli zimeanza na pesa ya nyumbani imeingia ardhini: mbegu, vibarua, mbolea. Yaani chuo kinabisha hodi mwezi ambao mfuko wa baba ni mwepesi kuliko miezi yote. Ndipo ng'ombe anapopelekwa mnadani wiki moja kabla ya safari, na wanunuzi wa mnadani hawahitaji kuambiwa kwamba mwenye ng'ombe ana haraka.

Kwa hiyo omba kikao cha familia Juni au Julai, kahawa ikiwa bado iko kwenye mikeka. Usiende kuomba pesa. Nenda na hesabu kwenye karatasi. Mzee akiona nauli, fomu, pango na chakula cha mwezi wa kwanza vimeandikwa kimoja kimoja, atajua gunia lipi la maharage lisiuzwe mapema na lipi litengwe kwa ajili yako. Mjomba na shangazi nao waambiwe mapema. Mchango unaoombwa Julai hupatikana kwa urahisi kuliko unaoombwa usiku wa kuamkia safari.

Kama unakwenda JKT, teua mtu mmoja wa kukufuatilia mambo: kaka, dada, au mwalimu unayemwamini. Mwachie nakala za vyeti, namba yako ya mtihani, anwani ya barua pepe unayotumia na nywila yako. Usimwachie kila mtu. Nywila ikijulikana na watu watano, siku moja chuo ulichochagua kitabadilishwa na hakuna atakayekubali kuwa ndiye aliyebadilisha.

KARATASI KABLA YA NGUO

Wengi huanza maandalizi kwa kununua begi na viatu. Anza na bahasha ngumu, kisha uijaze.

Cha kwanza ni majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita na namba ya NIDA, uvipange mezani, usome herufi kwa herufi. Kwetu kosa huingia kwa mlango mdogo: Mhangaza au Mshubi anatamka "r", karani aliyekulia kwingine anasikia "l". Ruhinda wa cheti cha ubatizo anakuwa Luhinda kwenye cheti cha shule. Nyumbani hakuna anayejali, kila mtu anakufahamu. Mfumo wa kompyuta haukufahamu. Kwake hao ni watu wawili. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani upate kiapo cha majina, na ikibidi hati ya kubadili jina. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu yoyote.

Cha pili ni cheti cha kuzaliwa chenyewe. Tangazo la kizazi la kliniki si cheti. Maombi ya mkopo yanataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Msajili wa wilaya yuko ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, na uhakiki huombwa kwa mtandao. Kama huna cheti kabisa, au kifo cha mzazi hakikuwahi kusajiliwa, usisubiri matokeo. Anza sasa, kwa sababu Julai na Agosti kila mhitimu nchini anaomba jambo hilohilo.

Cha tatu ni kitambulisho cha taifa. Hapa watu wa wilaya za mpakani wana mzigo wa ziada. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na historia ya wakimbizi wa 1994, Benaco na kambi nyingine, bado iko kwenye kumbukumbu za ofisi. Uhamiaji huuliza maswali ya uraia ambayo mwenzako wa Iringa hajawahi kuulizwa: babu alizaliwa wapi, amezikwa wapi, shangazi ameolewa wapi. Usikasirike na usijibu kwa mkato. Nenda na namba za NIDA za wazazi, barua ya mtendaji wa kijiji na cheti chako cha shule ya msingi, na ukae na wazee nyumbani kwanza wakueleze ukoo wenu vizuri. Usijaribu njia ya mkato ya kudanganya umezaliwa wilaya nyingine. Uongo huo utakufuata hadi kwenye ajira. Namba ya NIDA utaihitaji kwa akaunti ya benki, kwa laini ya simu na kwa mkopo, kwa hiyo ikichelewa, vyote vitatu vinachelewa.

Ukimaliza, toa nakala nne au tano za kila cheti na zithibitishwe na wakili au hakimu. Piga picha kila karatasi, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu huibiwa stendi, barua pepe hubaki.

KUOMBA CHUO BILA KUKISIA

Maombi hutumwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Kabla ya kulipa ada ya maombi, soma mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huo. Kwa shahada nyingi kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kutimiza kiwango cha chini kunakupa haki ya kushindana tu. Hakukupi nafasi. Panga machaguo kwa ngazi: moja la ndoto yako, mawili ya uwezo wako halisi, moja la uhakika. Aliyetoka na stashahada atahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET.

Fikiria umbali pia, bila aibu. Biharamulo hadi Mwanza, kupitia Bwanga na Geita, siku hizi ni safari ya nusu siku. Tangu Juni 2025 Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko. SAUT iko pale Malimbe, na chuo cha afya kiko Bugando. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kiko njiani kwa mtu anayedhani chuo ni Dar es Salaam peke yake. Kama kozi unayoitaka inatolewa katika vyuo vitatu vizuri, nauli na bei ya chumba ni sababu halali ya kuchagua.

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu. Hapa ndipo laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu inapoleta balaa. Jaza namba yako mwenyewe, na usiizime. Asiyethibitisha kwa wakati anaweza kuipoteza nafasi aliyokwishaipata. Ukikosa dirisha la kwanza, usilie wala usijifungie ndani. La pili lipo, na nafasi nzuri hubaki kwa sababu ya walioshindwa kuthibitisha.

MKOPO: DENI LENYE MASHARTI

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 na ikaanza kazi 2005. Wahitimu wengi wa kwetu wamesoma kupitia kwayo, lakini kila mwaka wapo wanaokosa kwa kasoro za fomu tu.

Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Hailipwi kwa mtu. Ukijaza, unaichapa fomu, unaisaini, mdhamini anasaini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa anagonga muhuri, na kamishna wa viapo anathibitisha. Kisha kurasa zilizosainiwa unazipandisha tena kwenye mfumo. Kosa la kawaida ni hilo la mwisho: mtu anasaini kila kitu, anaiweka fomu kwenye bahasha, na hairudishi mtandaoni. Baada ya kupandisha, ingia tena uone kama picha inasomeka. Mtandao wa vijijini ukikusumbua, panda bodaboda hadi mjini ukafanye kazi hiyo ofisini, mchana, uone imekamilika.

Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF, tafuta namba ya kaya uijaze. Kama ni yatima, au wewe au mzazi ana ulemavu, ambatanisha uthibitisho. Usione haya, mkopo hupangwa kwa uhitaji, na uhitaji usio na karatasi hauonekani. Waliofaulu sana masomo ya sayansi waangalie pia Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanaoingia sayansi, teknolojia, uhandisi na tiba.

Majina hutoka kwa awamu. Kukosekana awamu ya kwanza si mwisho, na baada ya awamu hufunguliwa dirisha la rufaa. Ukipata, soma umepewa nini hasa. Mwingine hupewa chakula na malazi kikamilifu, lakini ada nusu; nusu iliyobaki ni ya nyumbani. Na ukumbuke hii si zawadi: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe.

HESABU YA MWEZI WA KWANZA

Posho ya chakula na malazi, ambayo kila mwanachuo anaiita bumu, imekuwa shilingi 10,000 kwa siku kwa miaka ya karibuni. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hutolewa kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Ukiisikia kwa mara ya kwanza ni pesa nyingi. Ukiigawa kwa pango, chai, chakula cha mchana, cha usiku, nauli, vocha na karatasi za kudurufu, inakuwa shilingi 10,000 kwa siku kama ilivyokuwa.

Jambo la pili la kujua kuhusu bumu ni kwamba halikusubiri stendi. Mwaka wa kwanza lazima usajiliwe, jina liende Bodi, usaini, ndipo liingie. Wiki kadhaa zinaweza kupita. Kwa hiyo ondoka nyumbani na pesa ya kula mwezi mzima, na uihesabu kama vile bumu halipo.

Mbali na ada ya masomo, maelekezo ya kujiunga yatakuorodheshea michango midogo inayojumlishwa kimyakimya: ada ya TCU ya shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, tahadhari ya uharibifu. Jumlisha zote kabla ya kikao cha familia. Mzee anayeambiwa kiasi kimoja Julai halafu akaongezewa kingine Novemba huanza kudhani mtoto ameanza mambo ya mjini.

Fungua akaunti ya benki ukiwa bado wilayani, kwa majina yaleyale ya vyeti. Fomu ya uchunguzi wa afya nayo ijazwe huku, Murgwanza, Biharamulo au hospitali nyingine iliyo karibu nawe, yenye daktari na muhuri. Kuijaza Dar es Salaam ni foleni ya siku nzima kwa karatasi ya nusu saa.

CHA KUBEBA NA CHA KUACHA

Mtu wa miinuko ya Bugufi amezoea kulala na mablanketi mawili. Dar es Salaam hutalihitaji hata moja. Utahitaji shuka mbili, chandarua na, siku ukipata pesa, feni. Anayekwenda Dodoma abebe sweta kwa ajili ya Juni na Julai, upepo wake una meno. Nguo zisizidi begi moja. Mitumba ya mjini ni mingi na rahisi, na baada ya mwezi utataka kuvaa kama wenzako kwa vyovyote vile.

Cha kubeba kwa wingi ni maharage. Debe moja la maharage ya Ngara ni wiki kadhaa za mboga kwa wanaopika pamoja, na linampa mgeni heshima asiyoitarajia: mwenye maharage hakosi wa kupika naye. Ongeza unga wa muhogo kama unaupenda. Lakini uliza kwanza, maana mabweni mengi hayaruhusu kupika chumbani. Chakula cha kupika ni cha anayepanga mtaani. Ndizi usibebe mkungu mzima. Zitaiva Singida.

Bahasha ya vyeti halisi haiingii kwenye buti la basi. Inakaa kwenye begi la mgongoni, na begi la mgongoni linakaa mapajani.

SAFARI

Oktoba mabasi hujaa, kwa sababu nyote mnaondoka wiki moja. Kata tiketi mapema, ofisini, uipate tiketi ya mashine yenye jina lako. Mpiga debe anayekuambia viti vimebaki viwili husema hivyo hata basi likiwa tupu.

Kutoka Ngara utashuka hadi Lusahunga na Nyakanazi, njia panda inayogawa watu wa Kigoma, wa Bukoba na wa Kahama. Hapo basi huelekea Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Wazee watakusimulia enzi za kusindikizwa na askari kupita mapori ya Biharamulo, mabasi yakiongozana kwa hofu ya majambazi. Siku hizo zimepita, lakini vizuizi vya ukaguzi bado vipo, na Uhamiaji hupanda garini kuuliza vitambulisho. Kuwa na kitambulisho cha NIDA au namba yake iliyochapwa, pamoja na barua ya udahili, mfukoni. Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu kwa Kiswahili chako cha kawaida na uonyeshe barua. Mwanafunzi mwenye barua mkononi huchukua dakika moja. Aliyeifungia kwenye buti husimamisha basi zima, na abiria hawatakuhurumia.

Anayekwenda Dar es Salaam ana chaguo jingine tangu 2024: kushuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR, ambayo huchukua kama saa nne. Inafaa kwa mwenye begi moja. Treni ina masharti ya mizigo, kwa hiyo mwenye debe la maharage abaki kwenye basi hadi stendi ya Magufuli, Mbezi Luis.

Ukifika usiku, kaa ndani ya stendi hadi kupambazuke kama hakuna mwenyeji wa kukupokea. Usimfuate mtu aliyekusikia ukiongea na simu akakuambia naye ni wa Kagera.

WIKI YA KWANZA

Omba chumba cha bweni siku mfumo unapofunguliwa, siyo siku unapofika. Ukikosa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubebwa: kulala kwa muda katika kitanda cha mwenzako aliyepata. Pale Mlimani ni desturi ya miaka mingi, lakini si halali kwa kanuni za mabweni na si ya muhula mzima. Ya pili ni kupanga geto, yaani chumba cha mtaani. Kwa UDSM utasikia Changanyikeni, Msewe, Survey na Makongo. Kwa UDOM, Ng'ong'ona na Iyumbu. Kwa SAUT, Nyegezi na Malimbe. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, na dalali hutaka sawa na kodi ya mwezi mmoja. Gawaneni wawili au watatu. Msilipe kabla ya kuiona nyumba kwa macho, kuuliza wapangaji kuhusu maji, na kuandikiana mkataba na mwenye nyumba mwenyewe.

Usajili ukamilishe wiki hiyohiyo. Usipoonekana kwenye mfumo wa chuo, Bodi haikuoni, na bumu halina pa kuingia. Tafuta pia umoja wa wanafunzi wanaotoka kwenu. Kila chuo kikubwa huwa na watu wa Kagera, na ukiuliza kanisani au msikitini utawapata. Mtu wa mwaka wa tatu kutoka Kabanga atakuonyesha kwa siku moja mambo ambayo ungeyagundua kwa muhula.

DARASANI

Kinachowatisha wengi wetu ni Kiingereza. Ulifundishwa kwa lugha mbili, ukakariri, ukafaulu. Sasa mhadhiri anaongea saa mbili bila kutafsiri, mbele ya watu mia tatu. Wiki tatu za kwanza utashika nusu. Hilo ni la kawaida, na aliyesoma shule ya ada kubwa pembeni yako naye hashiki yote, ila yeye hatoi jasho. Dawa ni kusoma mada kabla ya mhadhara, hata kurasa tano tu, ili masikio yakutane na maneno ambayo macho yameshayaona. Kwenye semina, uliza swali moja kila wiki, hata kwa Kiingereza cha kuunganisha. Aliyekaa kimya mwaka wa kwanza hukaa kimya miaka mitatu.

Usidanganyike kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. Katika vyuo vyetu vingi alama zake zinaingia kwenye wastani wa mwisho, na daraja la kwanza huanzia GPA ya 4.4. Kazi za muhula kwa kawaida hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho 60. Wanaopata sapu (mtihani wa marudio), na hata wanaodisko (kuondolewa chuoni), mara nyingi hawakushindwa mtihani wa mwisho; walipuuza majaribio ya katikati wakidhani ni madogo. Madesa ya kaka, yaani maelezo yake ya darasani, yasikutoshe. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita maktaba, uijibu kwa kalamu.

MJINI NA MAJINA YAKE

Ukisema unatoka Kagera utaitwa nshomile, jina la utani la Wahaya, na kuulizwa kwa nini hujisifu. Ukieleza kwamba wewe ni Mhangaza au Mshubi wala si Mhaya, swali litakalofuata, kwa mzaha au kwa ujinga, ni kama wewe ni Mrundi. Jiandae nalo, lisikukate. Cheka, eleza Ngara iko wapi, taja maporomoko ya Rusumo na umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu, na mazungumzo yatageuka. Akiendelea kwa nia mbaya, huna deni la kumthibitishia uraia wako. Hiyo ni kazi ya ofisi, na ulishaimaliza nyumbani.

Mitego mikubwa ya mjini ni minne, na yote huja na bumu. Kubeti: hakuna aliyelipa ada kwa mikeka, wapo wengi waliokula ada kwa mikeka. Mikopo ya kausha damu ya simuni: shilingi 50,000 ya leo inakuwa aibu kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako. Vishoka wanaodai kukuongezea mkopo au kukubadilishia kozi: mfumo hauna mlango wa nyuma, una mlango wa pesa yako tu. Na rushwa ya ngono: hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Anayekuomba mwili kwa ajili ya alama ndiye mhalifu, si wewe. Hifadhi ujumbe, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

KURUDI

Weka siku moja ya wiki ya kupiga simu nyumbani, na siku hiyo isiwe siku ya kuomba pesa. Mama anayepokea simu kila mara kwa moyo kudunda ataanza kuchelewa kuipokea.

Likizo fupi huenda usirudi. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki nyingi. Lakini ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, angalia kama chuo kinaruhusu uyafanyie halmashauri ya Ngara au Biharamulo, au shule iliyo karibu na kwenu. Utalala nyumbani, utakula nyumbani, na posho ya mafunzo itabaki mfukoni.

Utarudi katikati ya mwaka, kahawa iko kwenye mikeka. Hapo utamkuta mhitimu wa kidato cha sita wa jirani, ameshika matokeo, hajui aanzie wapi. Kaa naye mchana mmoja. Mwombe alete vyeti vyake vyote, uvipange mezani, na msome majina pamoja, herufi kwa herufi.